Mpaka Uliokwepa Mwavokado

“Ukilala, kichwa kinakuwa upande gani?”

Hilo ndilo swali nililoulizwa na karani wa wadi, mchana kweupe, nikiwa nimesimama mbele ya meza yake na mtoto mgongoni. Mtoto wa miaka mitano habebwi mgongoni, najua, lakini wangu siku hiyo alikuwa na kiatu kimoja. Mguu wa pili ulikuwa na soksi iliyolowa matope hadi kwenye kifundo, na matope hayo yalikuwa yameanza kukaukia kwenye sweta yangu.

“Kichwa kinaelekea dirishani,” nikamjibu, kwa sababu nililelewa kujibu nikiulizwa.

“Na dirisha liko upande wa juu ama wa chini?”

“Wa juu.”

Akageuza ramani, akaweka kidole, akamwita mwenzake wa meza ya pili. “Boss, kuja uone maajabu. Huyu mathe analala kichwa wadi ya juu, miguu wadi ya chini.”

Mwenzake akaja na kikombe chake cha chai. Wakacheka. Hakikuwa kicheko kibaya sana, niseme ukweli. Kilikuwa kile kicheko cha watu waliokaa ofisini tangu asubuhi bila kitu cha kuwachangamsha. “Basi madam,” karani akasema akijipangusa macho, “sisi hapa tunaweza kusaidia miguu. Kichwa kiende kingoje kwa wale wa juu.”

Nilimshusha mtoto, nikamketisha kwenye kiti cha wageni. Nikamvua kile kiatu kimoja kilichobaki, cha kushoto, nikakiweka juu ya ramani yao, katikati kabisa, nikakikandamiza kwa kiganja mpaka maji ya matope yakatoka pembeni na kuanza kutembea kwenye karatasi.

“Mguu ndio huu,” nikamwambia. “Saidia.”

Kisha nikapiga kelele. Watu waliokuwa kwenye foleni nje walichungulia mlangoni. Niliyoyasema siku hiyo siyaandiki hapa yote, kwa sababu binti yangu anajifunza kusoma.

*

Sisi tunakaa nyuma ya mtaa wa Free Area, pale ambapo ploti zinaanza kupanda. Udongo wetu ni ule wa majivu. Wakati wa kiangazi unapeperuka mpaka unautafuna pamoja na ugali, na mvua ikinyesha unayeyuka kama sukari. Kando ya nyumba yetu, hatua nne kutoka ukuta wa chumba cha kulala, kuna mtaro. Nauita mtaro kwa sababu kila mtu anauita hivyo, lakini mimi nikisimama ndani yake huoni kilemba changu. Kila msimu wa mvua unakula ardhi kidogo. Mwaka jana ulikula banda la kuku.

Ng’ambo ya mtaro ndiko iliko shule ya chekechea. Naona paa lake nikiwa jikoni, na kengele ikilia naisikia nikiosha vyombo. Njia ni mbili tu. Unaweza kushuka mpaka kwenye barabara kuu, utembee kando yake ambapo malori ya Nairobi hayajui breki ni nini, halafu upande tena. Au unaweza kuvuka mtaro kwa ubao.

Ubao alileta baba wa mtoto. Anafanya kazi kwa mashine ya mbao Elburgon na huja nyumbani Jumamosi jioni akinukia mti uliopasuliwa. Ule wa kwanza aliupigilia vijiti vya kukanyagia, hatua za mtoto, si zake. Alimwita binti yake apige hatua uani, akapima kwa mkono, ndipo akapiga misumari. Akausimamia katikati, akaruka.

“Hata ng’ombe anapita,” akasema.

Mvua ikauchukua. Akaleta wa pili, mvua ikauchukua. Alipoleta wa tatu binti yake alimwuliza, “Baba, hii ni daraja ya ngapi?” na yeye, mtu asiyekosa jibu, akainama akatafuta msumari ambao haukuwa umepotea.

Jumatatu hiyo tulivuka kama tunavyovuka kila siku, yeye mbele, mimi nyuma nimeshika begi lake kwa juu. Mvua ilikuwa imenyesha na ukingo wa upande wa shule ulikuwa umeliwa kwa chini bila kuonekana kwa juu. Ubao ukainama, polepole tu, kama mtu anayekaa. Nikasikia begi likizidi uzito mkononi mwangu. Nililala kifudifudi kwenye ule ubao nikashika mikanda ya begi kwa mikono miwili, na yeye akawa ananing’inia ndani ya mikanda, miguu kwenye matope yanayotembea. Sikupiga nduru. Nilikuwa nikimwambia, “Usitoe mikono, mami, usitoe mikono,” kwa sauti ile ile ninayotumia nikimchana nywele.

Nilipomvuta akatoka na kiatu kimoja. Hakulia kwa kuogopa. Alilia akionyesha kule chini.

“Mama, kiatu kimeenda peke yake.”

Tulikaa ukingoni, nikamkamua matope kwenye soksi. Kisha nikambeba tukaenda ofisini vile vile tulivyokuwa, na karani akaniuliza nalala kichwa upande gani.

*

Haikuwa mara yangu ya kwanza kwenye hizo ofisi. Tangu mvua za mwaka jana nilikuwa nikienda kuomba kidaraja. Si daraja la magari. Kidaraja cha mawe na vyuma viwili vya kushikilia, upana wa mtu mmoja na mtoto wake.

Ofisi ya wadi ya juu, ambako shule iko, wana kitabu. Mwanamke wa pale alinifungulia ukurasa akanisomea taratibu kama anayesoma maandiko, kwamba mpaka unatoka kwenye kona ya barabara ya murram, ile ya changarawe, na kushuka “kufuata mtaro.” Akafunga kitabu. “Umeona? Huo si mtaro wa kawaida, dada. Huo ni mpaka wa maeneo bunge mawili. Mheshimiwa wetu akiweka jiwe moja pale, yule wa upande wenu atasema ameingiliwa.”

“Sasa nifanye nini?”

“Ungoje kidogo mpaka mpaka ujulikane.”

Ofisi ya wadi ya chini, ambako nyumba iko, hawana kitabu. Wana ramani. Na kwenye ramani mstari haupiti kwenye mtaro, unapita kwenye nyumba yetu. Kwa hiyo wao walisema mtaro uko mbali na mstari, wote ni wa wale wa juu, niende huko. Huko wakisoma kitabu, huku wakifungua ramani. Nimepanda na kushuka hicho kilima mpaka mbwa wa njiani wakaacha kunibwekea.

Binti yangu alikuwa akienda nami na kusikia kila kitu. Siku moja nilipokuwa nafagia chumbani nikaona sahani chini ya kitanda, ina kipande cha ugali na maziwa yaliyoganda, imejaa sisimizi.

“Hii ni nini?”

“Ya mpaka.”

“Mpaka gani?”

“Yule mwanaume wa ramani alisema mpaka anapita chini ya kitanda yenu.” Akanisogelea, akanong’ona. “Mama, mpaka ni paka mkubwa?”

Nilicheka mpaka nikakaa kitandani. Yeye akacheka kwa sababu nimecheka, kisha akangoja jibu, maana alikuwa ameuliza kweli. Nikamwambia mpaka ni mstari tu, mtu ameuchora. Akafikiria.

“Anakula?”

Wakati huo nilimwambia hapana.

*

Turudi kwa karani. Nilipomaliza kelele zangu alikuwa amesimama, na yule wa kikombe amerudi mezani kwake. Mtoto alikuwa ametulia kwenye kiti cha wageni, ananiangalia mimi, si wao. Jambo hilo ndilo lililonirudisha. Karani akakiinua kile kiatu kwa vidole viwili, akakikung’utia dirishani, akakiweka chini vizuri kikielekea mlangoni. Kisha akainama chini ya meza akatoa slipasi zake, zile anazovaa akipiga deki, akamvalisha binti yangu. Zilikuwa kubwa kama mitumbwi.

“Pole, mrembo,” akamwambia. Mimi hakuniambia pole. Alianza kupangusa ramani kwa mkono wa shati na akasimama katikati.

“Lakini hata sisi hii kitu inatushinda,” akasema. “Angalia hapa. Mpaka unashuka sawa, sawa, halafu hapa chini kidogo unapinda. Unazunguka kitu, halafu unarudi mahali pake. Kwa nini?”

“Siasa,” akasema yule mwingine bila kuinua kichwa. “Kuna mkubwa alitaka nyumba fulani ziwe zake.”

“Nyumba gani? Hapo hakuna nyumba.”

Nikaangalia. Ndani ya doa la matope mstari mwekundu ulikuwa umejikunja kidogo, kama kiwiko.

“Mimi siwezi kuusogeza,” karani akaniambia, sasa kwa sauti ya mtu. “Mheshimiwa pia hawezi. Lakini tume inakuja kuchukua maoni ya mipaka, Alhamisi ya wiki ijayo, ukumbi wa kanisa pale juu. Uende. Na usiende na kelele, madam, uende na karatasi. Kelele haiwezi kupigwa muhuri.”

*

Mama mkwe wangu, ambaye sote tunamwita Shosho tangu mtoto azaliwe, alikuwa uani akichambua maharagwe. Nyumba ni yake kwa asili. Sisi tulimwongezea chumba. Nikamweleza yote, kichwa na miguu, kiatu, slipasi. Alimwita mjukuu wake, akamkagua magoti, akampa konzi ya maharagwe achague mabaya, ndipo akasema, “Sasa huo mpaka unapinda vipi?”

Nikachukua kijiti nikamchorea chini. Kona ya barabara. Kushuka. Kushuka. Kiwiko. Kushuka tena.

“Rudia hapo.”

Nikarudia kile kiwiko.

Mikono yake ikaacha maharagwe. Aliangalia mchoro wangu muda mrefu, halafu akaangalia upande wa chini wa ploti, ambako kuna mwavokado mzee unaotulisha sisi na majirani na popo.

“Huyo ni mwavokado wangu,” akasema.

“Wapi?”

“Hapo unapopinda. Huo mtaro niliuchimba mimi.”

Nilifikiri anatania. Shosho hutania akiwa na uso mkavu hivyo hivyo. Lakini akainuka akishikilia kiuno, akanipeleka, akanionyesha na kidole chenye vumbi la maharagwe ulikoanzia na ulikopita. Walipokuja kukaa hapa kulikuwa na nyasi na nyumba moja tu, yao. Mvua ya kwanza ilipita katikati ya nyumba kama ina haraka ya kufika mjini. Mume wake alikuwa kazini mbali. Yeye alikuwa na mtoto mchanga, huyu huyu anayepasua mbao Elburgon sasa, na maji yalipoingia alimweka ndani ya karai, karai juu ya meza, akatoka nje na jembe la kuazima.

“Nilichimba siku tatu. Nikichimba kidogo naingia kumwangalia kwa karai. Nachimba, naingia. Nilipofika hapa nikapata mche wangu. Niliutoa kwa mama, umefungwa na gunia lenye maji. Sasa ningeukata? Nikauzunguka.”

“Na mpaka?”

“Mpaka gani? Walikuja vijana na vyuma vya miguu mitatu na mikanda mirefu, miaka mingi baadaye. Wakaniuliza, mama, huu unaitwaje? Nikawaambia, huu ni mtaro. Wakaandika. Nikawapa chai.” Akatikisa kichwa. “Wangesema wanagawa wabunge ningewaambia huo ni wa jikoni.”

Basi nikaelewa na ile ya kitanda. Baba wa mtoto alipokuwa akitujengea chumba, kabla hajanileta, aliusogeza mtaro kwa juu, akaufukia ule wa zamani na kujenga hapo. Mtaro ukahamia nje. Mstari ukabaki kwenye karatasi, na sisi tukaweka kitanda juu yake.

Nilikuwa nacheka. Nilikuwa nimepata kitu cha kuwapiga nacho usoni ofisi zote mbili na nilikuwa tayari nimeanza kupanga maneno. Nikageuka nikaona Shosho hacheki. Alikuwa ameangalia chini ya mwavokado, pale mtaro ulipo mpana.

“Kwa hivyo ni jembe langu limemwangusha mtoto,” akasema.

Hasira niliyokuwa nayo tangu asubuhi ilikosa pa kukaa. Nilijua kumfokea karani; hili sikulijua. Nikamwambia yeye alichimba wa kufika magotini, hayo maji mengine yameletwa na mabati ya watu wote waliojenga juu yetu, na barabara isiyo na mifereji. Hakunisikiliza. Nikamwambia, “Na usingechimba, Shosho, mimi ningeolewa na nani? Na karai?”

Akaniangalia. Kisha kicheko kikamtoka kwa pua, akanipiga begani na leso yake. “Huyo hata kwa karai alikuwa analala kichwa huku, miguu kule,” akasema, na tukarudi kwa maharagwe.

*

Niliandika karatasi yangu kwa siku kadhaa, mtoto akiwa shuleni. Sasa nilikuwa nikimpitisha barabara kuu asubuhi, nimembeba mgongoni, nikitembea mbali na malori, na kumfuata mchana. Nilikuwa nikiandika, nachana. Barua za kwanza zilikuwa matusi yenye anwani.

Ndipo nikamkumbuka mwalimu wangu wa historia. Nilisoma sekondari ya kutwa karibu na Kikopey, penye vibanda vya nyama choma. Mama yangu alikuwa anakatia wenye bucha kachumbari, na mimi nilikuwa nafungua madaftari na vidole vinavyonuka vitunguu mpaka kurasa zikawa na alama. Kidato cha nne tulifundishwa serikali ya Uingereza, na sikuona hata jambo moja linalonihusu. Lakini siku moja mwalimu alichora ubaoni kilima na kondoo, na kando yake mji wenye mabomba ya moshi. Akasema hapo mwanzo wa karne ya kumi na tisa kilima kile, ambacho watu walikuwa wamekihama zamani, kilikuwa na wabunge wawili, na miji iliyojaa viwanda na watu haikuwa na hata mmoja. Mipaka ilichorwa zamani na hakuna aliyetaka kuigusa.

Mimi nilikuwa wa kuropoka hata wakati huo. “Mwalimu, kwani kondoo walikuwa wanapiga kura?”

Darasa likaanguka kwa kicheko. Yeye hakunifukuza. “Kondoo hapana,” akasema. “Mwenye kondoo, ndiyo.”

Halafu akatueleza kwamba waliokuwa nje hawakuishia kupiga kelele. Waliandika pia, miaka na miaka, karatasi juu ya karatasi. Na Bunge lilipokubali hatimaye kubadilisha, lilituma watu wakazunguke mji kwa mji, wakaone kwa macho yao nyumba ziko wapi na mji unaishia wapi, ndipo wachore. Nakumbuka niliwafikiria watu hao wakiwa juu ya farasi kwenye matope. Katika mtihani niliandika kuhusu kondoo nikapata nusu ya alama.

Nikiwa kwenye meza yangu ya jikoni niliona huyo mwalimu alikuwa amenipa kitu na mimi nikakiacha Kikopey. Nikachukua karatasi safi. Nikaacha kuandika ninavyohisi, nikaanza kuandika vitu vilipo.

*

Ukumbini siku hiyo ya Alhamisi watu walizungumza mambo makubwa. Mmoja alisema jamii yake imekatwa katikati kama mkate. Mwingine alisema wadi yao ni ndefu hadi diwani hajawahi kuimaliza, akapigiwa makofi. Mimi nilikaa nyuma na Shosho aliyevaa koti lake la kanisa, na binti yangu katikati yetu amevaa gamubuti zake za mvua. Karani wetu alikuwa mlangoni akiandikisha majina. Nilimrudishia slipasi zake, zimeoshwa, kwenye karatasi ya gazeti. Akazipokea kama mtu aliyepewa zawadi mbele ya watu.

“Umeleta karatasi?”

“Nimeleta.”

“Na kelele?”

“Imebaki nyumbani.”

Nilipoitwa nikaenda mbele. Nikasoma yote bila kuinua macho. Nilipofika kwa mwavokado watu wakaanza kucheka, na mwenye miwani aliyekuwa meza ya mbele akainua mkono wanyamaze.

“Madam,” akasema, “una ushahidi gani kwamba mpaka huu ulitokana na mtaro uliochimbwa na mtu binafsi?”

Nyuma yangu kiti kikalia. “Mtu binafsi ni mimi,” akasema Shosho.

Ukumbi mzima ukageuka. Mwenye miwani akamwangalia kuanzia kwenye koti hadi kwenye viatu. “Mama, na ulichimba kwa idhini ya nani?”

“Ya mvua.”

Hawakuweza kuwanyamazisha watu kwa muda. Nilimwona yule mwenye miwani akiuma kalamu, akajizuia, akashindwa. Lakini alipomaliza kucheka alinyoosha mkono apewe karatasi, akaisoma tena peke yake, polepole, na kidole chake kikasimama mahali. Hakuahidi kitu. Akaisukuma kwa msichana wa muhuri.

Muhuri ulipigwa mara mbili, nakala moja yao, moja yangu. Binti yangu aliomba kuusikia mara ya tatu, wakampigia kwenye mkono. Nakala yangu iko ndani ya Biblia ya Shosho, na inasema hivi:

Kwa Mwenyekiti,
Wanaochunguza mipaka.

KUH: MALALAMIKO JUU YA MPAKA UNAOPITA CHINI YA KITANDA CHETU

Bwana Mwenyekiti,

Mimi ni mama wa mtoto mmoja. Nimesoma hadi kidato cha nne. Tunakaa nyuma ya Free Area, mahali maeneo bunge mawili yanapokutana.

Kitabu chenu kinasema mpaka unafuata mtaro. Mtaro huo ulichimbwa na mama mkwe wangu kwa jembe, ili maji yasimfikie mtoto wake ndani ya nyumba. Haukuchimbwa kugawa watu. Pale ambapo mpaka unapinda kwenye ramani kuna mwavokado, ambao wakati huo ulikuwa mche. Hakuna sababu nyingine ya kupinda. Kwa upande wa juu mtaro ulihamishwa na mume wangu alipojenga chumba, ndiyo maana kitabu na ramani havikubaliani. Hatukujua kwamba tunahamisha Bunge.

Nalalamika kwamba nikiomba kidaraja, ofisi ya juu inanisomea kitabu na ofisi ya chini inanionyesha ramani, na zote mbili zinasema kweli. Kila upande una ukingo mmoja. Kidaraja hakiwezi kusimama kwenye ukingo mmoja. Watoto wanavuka kwa ubao. Wangu ameshaanguka.

Naomba mpaka uondolewe kwenye mtaro, upelekwe kwenye barabara ya murram iliyo juu ya shule, au kwenye njia ya miguu iliyo chini ya nyumba yetu. Zote mbili zimekaa mahali pamoja tangu niolewe. Sichagui upande. Nipeni mbunge yeyote kati ya hao wawili. Ninachotaka ni kingo zote mbili ziwe za ofisi moja, ili nikifika hapo nisiambiwe niende kwingine.

Mwavokado msiuguse.

Kabla ya kuchora, tafadhali tumeni mtu aje aone kwa macho yake. Aje baada ya mvua, saa moja na nusu asubuhi, wakati wa kuvuka. Avae gamubuti. Akiwa huko chini akiona kiatu cha shule, cheusi, cha kulia, cha mtoto wa miaka mitano, kamba imefungwa mafundo mawili, ni chetu.

Mlalamishi: mama yake.
Shahidi: aliyeuchimba.